Upasuaji wa saratani ya ngozi na kurekebisha pale ilipotolewa: mwongozo kwa mgonjwa na ndugu zake, Dar es Salaam

Kidonda kisichopona kwa wiki nne kinastahili kuonwa na daktari, hata kama hakiumi. Naanza na hilo kwa sababu wagonjwa wengi tunaowapokea kwenye chumba cha kufunga vidonda wamechelewa. Wamepaka dawa ya fangasi, wamenunua antibayotiki duka la dawa zaidi ya mara moja, wameoshea maji ya mwarobaini, na muda wote kidonda kinatanuka taratibu huku mwenyewe akisema, "Lakini hakiniumi, dada." Saratani ya ngozi mara nyingi haiumi mwanzoni. Kutouma siyo dalili ya usalama.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeambiwa anahitaji upasuaji, au ndugu anayemsindikiza. Ukiwa na swali moja tu la kushika, shika hili: je, kingo zimetoka safi? Maana yake: je, pembezoni mwa kipande kilichokatwa hakuna saratani? Utaona linavyojirudia.

Hatua ya 1: Ujue jina la ugonjwa

Aina kubwa ni tatu. Besali huanzia kwenye seli za chini za tabaka la juu la ngozi. Hukua polepole na ni nadra kusambaa, ila ikiachwa hula pua, kope au sikio mpaka mfupani. Skwamasi hukua haraka zaidi na huweza kufika kwenye tezi, yaani mitoki. Melanoma, inayotokana na seli zinazoipa ngozi rangi, ndiyo kali kuliko zote. Ipo pia Kaposi, yenye mabaka au vinundu vya zambarau, lakini hiyo kwa kawaida hutibiwa kwa dawa na siyo kwa kisu.

Mahali pa kutazama hutegemea ngozi yako. Kwa watu wenye ualbino ni uso, masikio, mdomo wa chini, shingo na mgongo wa mikono, yaani kote kunakopigwa na jua, na wengine hupata wakiwa vijana kabisa. Kwa mwenye ngozi nyeusi, jua siyo mshukiwa mkuu. Tazama kovu la zamani la moto lililofunguka upya, kidonda cha mguu cha miaka mingi, unyayo, na chini ya kucha. Saratani inayoota kwenye kovu au kidonda sugu inaitwa kwa jina la Marjolin, daktari Mfaransa aliyeandika kuhusu vidonda hivyo mwaka 1828. Melanoma ya Bob Marley iligunduliwa mwaka 1977 chini ya ukucha wa kidole cha mguu, na alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Nalitaja hilo kila mtu anaponiambia kansa ya ngozi ni ugonjwa wa Wazungu.

Jina halipatikani kwa macho. Lazima kichukuliwe kinyama, yaani kipande kidogo cha kidonda kinachokatwa kwa ganzi na kupelekwa maabara ya patholojia. Wengi wanaogopa kwamba kukigusa kidonda ndiko kutaisambaza saratani, na wapo waliokimbia kwa sababu hiyo. Kuchukua kinyama hakuisambazi saratani ya ngozi. Kinachoipa nafasi ya kusambaa ni miezi inayopotea.

Kabla hujatoka chumbani, tazama kopo. Kinyama kinatakiwa kizame kabisa kwenye dawa ya kuhifadhia, formalini, na siyo kwenye maji ya dripu. Kwenye kopo lenyewe, siyo kwenye kifuniko, paandikwe jina lako lote, namba ya faili, tarehe, na mahali kilipotolewa: "sikio la kushoto" au "unyayo wa kulia". Vifuniko hubadilishana. Ukipewa kopo ulipeleke mwenyewe maabara nyingine, lipeleke siku hiyohiyo na udai risiti ya kupokelewa. Kinyama kilichosahauliwa kwenye droo hakina majibu.

Hatua ya 2: Njia ya rufaa

Kwa kawaida unaanzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, unapelekwa hospitali ya rufaa ya mkoa, iwe Amana, Temeke au Mwananyamala, na ikihitajika unapanda hadi Muhimbili, iwe ya Upanga au ya Mloganzila. Ocean Road, iliyofanywa kuwa taasisi ya saratani kwa sheria ya mwaka 1996, ndiko wengi huenda kwa mionzi na dawa za saratani. Hospitali ya CCBRT kule Msasani inafahamika kwa upasuaji wa kurekebisha, hasa makovu ya moto na midomo iliyopasuka tangu kuzaliwa. Mwenye bima asiruke ngazi bila kuuliza, maana bima nyingi zinadai karatasi ya rufaa. Asiye na uwezo aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya tarehe ya upasuaji. Ukisubiri mpaka asubuhi ya siku yenyewe utapoteza nafasi yako kwenye orodha.

Ukihama hospitali, usibebe karatasi ya majibu peke yake. Omba pia vioo vya hadubini vya kinyama chako, na bloku, ile nta ambamo kinyama chako kimehifadhiwa. Daktari wa hospitali mpya mara nyingi atataka mwanapatholojia wake, yaani daktari anayesoma vinyama maabara, avisome upya, na bila bloku huenda ukakatwa tena.

Hatua ya 3: Kaa na daktari kabla ya kisu

Hapa usione haya kuuliza. Msalimie, kaa, toa karatasi yenye maswali yako, na uwe na ndugu anayesikiliza, kwa sababu mwenye ugonjwa husikia neno "saratani" na mengine yote yakampita.

Swali la kwanza ni upana. Daktari hakati uvimbe unaoonekana tu. Anakata na ngozi yenye afya inayouzunguka, kwa sababu saratani huwa na mizizi isiyoonekana. Kwa besali ndogo isiyo na hatari, kawaida ni milimita 4 kila upande. Skwamasi ya kawaida ni milimita 4 hadi 6, na zaidi ya hapo ikiwa kubwa, imeota kwenye kovu, au iko mdomoni au sikioni. Melanoma hupimwa kwanza unene wake: isiyozidi milimita 1 hukatwa sentimita 1 pembeni, na inayozidi milimita 2 hukatwa sentimita 2. Ndiyo maana uvimbe wa ukubwa wa punje ya hindi unaweza kuacha shimo la kukushtua. Afadhali ujue kabla kuliko kulia mbele ya kioo ukidhani umekosewa.

La pili ni tezi. Muulize kama amepapasa mitoki ya shingoni, kwapani au kinenani, kulingana na kidonda kilipo. Tezi iliyovimba huenda ikahitaji kupimwa kwa sindano, na hiyo hubadilisha mpango mzima.

La tatu ni namna ya kufunga. Muulize: "Daktari, pengo utalifunga vipi, na utalifunga siku hiyohiyo?" Sehemu ya pili ya swali ina uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwa kidonda kikubwa au kilichorudi mara ya pili, hasa usoni, mimi nipo upande wa madaktari wanaokata, wanafunika kwa bandeji safi, wanasubiri majibu ya kingo, ndipo wanarekebisha. Mgonjwa anachukia kukaa na shimo la wazi kwa siku kadhaa, na ndugu wanauliza kwa nini kazi imeachwa katikati. Lakini ukihamisha nyama nzuri ukaifunikia saratani iliyobaki, itaota chini kwa chini usiione, na siku ikijitokeza utakuwa umeshatumia ile nyama uliyokuwa unaitegemea.

Mtandaoni utakutana na upasuaji wa Mohs, ulioanzishwa na daktari Frederic Mohs huko Marekani miaka ya 1930. Katika njia hiyo daktari anakata utando mwembamba, unapimwa palepale kwa hadubini mgonjwa akisubiri, na pale tu palipobaki seli za saratani ndipo panapokatwa tena, mpaka pote pawe safi. Inaokoa ngozi nyingi usoni. Inahitaji pia maabara jirani na chumba cha upasuaji na daktari aliyesomea kazi zote mbili. Ukikatwa kwa njia ya kawaida, usijione umepunjwa. Njia ya kawaida yenye upana sahihi na vipimo makini vya kingo inaponya watu wengi sana.

Hatua ya 4: Maandalizi

Taja dawa zote unazotumia, zikiwemo za asili. Dawa za kulainisha damu usiziache kwa uamuzi wako, kwani kiharusi ni hatari kuliko kutoka damu kidogo, na uamuzi huo ni wa daktari. Presha na sukari zidhibitiwe mapema, maana mwenye sukari iliyopanda kidonda chake hakifungi. Kipimo cha VVU kikubali, kwa sababu skwamasi huwa kali zaidi kinga ikiwa chini, na matibabu yote mawili yanaweza kwenda pamoja.

Sigara nazungumzia peke yake. Inabana mishipa midogo ya damu, ileile inayolisha ngozi iliyopandikizwa. Acha wiki nne kabla na wiki nne baada. Nimeona kipande cha ngozi kilichowekwa kwa ustadi kikigeuka cheusi siku ya nne kwa mvutaji aliyekuwa akitoroka wodini kwenda kuvuta.

Upasuaji wa ganzi unaruhusu kula kama kawaida. Ukiambiwa ni nusu kaputi, tumbo liwe tupu: ukipangwa saa tatu asubuhi, chakula cha mwisho ni cha usiku, na maji matupu yaishie saa moja asubuhi. Aliyekuandaa akikupa masharti makali zaidi, fuata yake. Vaa shati la vifungo, kwa sababu fulana ya kuvalia kichwani itaparuza bandeji. Na pangeni usafiri wa kurudi. Baada ya kushonwa usoni au mguuni usipande bodaboda, wala usisimame kwenye daladala.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Daktari atachora mstari kwa kalamu kabla ya ganzi, kwa sababu ganzi huvimbisha ngozi na kuficha mpaka wa uvimbe. Sindano ya ganzi inachoma kwa muda mfupi, kisha utahisi kuvutwa na kusukumwa tu bila maumivu. Ukihisi ukali wowote sema, utaongezewa.

Kuna jambo moja dogo ningependa kila mgonjwa alijue. Kipande kikishatolewa, kabla hakijaingia kwenye kopo, daktari anakishona nyuzi mbili pembeni: fupi upande wa juu na ndefu upande wa nje, au kwa mpangilio mwingine atakaouandika kwenye fomu. Nyuzi hizo zinamwambia mwanapatholojia wapi ni juu na wapi ni pembeni. Akikuta saratani imegusa ukingo, ataweza kuandika "ukingo wa juu", na daktari atarudi kukata upande huo tu. Bila alama, itabidi akate pande zote. Muulize daktari wako kwa upole kama kipande kitawekwa alama.

Hatua ya 6: Namna pengo linavyofungwa

Pengo dogo huvutwa pande mbili na kushonwa. Mstari wa nyuzi utakuwa mrefu mara tatu hivi kuliko upana wa pengo, maana daktari hukata umbo la jicho ili ngozi isikunjane pembeni. Mapengo mengine huachwa yajifunge yenyewe, mfano kwenye paji la uso au bonde la pembeni ya pua. Huchukua wiki kadhaa, na mara nyingi kovu hutoka zuri kuliko unavyotarajia.

Pengo lisilovutika hupandikizwa ngozi. Ngozi nyembamba huchunwa pajani na kutandazwa juu ya jeraha, na inafaa kwa eneo kubwa kama kichwa au mguu. Ngozi nene hutolewa nyuma ya sikio au juu ya mtulinga, na huenda usoni kwa sababu inasinyaa kidogo na rangi yake iko karibu. Kwa siku mbili tatu za mwanzo ngozi hiyo haina mshipa wowote. Inakunywa majimaji ya kidonda tu, huku mishipa mipya ikiota kuingia ndani yake. Kwa hiyo hushindiliwa kwa furushi la gozi (kitambaa cha kufungia vidonda) lililofungwa kwa nyuzi na haliguswi hadi siku ya 5 mpaka ya 7. Ikisogea kidogo tu, au damu ikijikusanya chini yake, inakufa. Ukikuta rangi ya zambarau siku ya kufunguliwa, usikate tamaa, mara nyingi hugeuka pinki baadaye. Na jiandae: pajani kutauma kuliko mahali palipopandikizwa.

Njia ya nne ni kuhamisha kipande cha jirani kikiwa bado na mshipa wake wa damu. Hutumika palipobaki mfupa mtupu au gegedu, ambapo ngozi ya paja haiwezi kushika. Pua iliyoliwa hujengwa kwa ngozi ya paji la uso: kipande hugeuzwa kushuka chini kikiwa kimeungwa na shina lake karibu na nyusi, na mgonjwa hukaa na shina hilo kwa wiki tatu hivi kabla ya kukatwa. Madaktari wa India walikuwa wakijenga pua kwa namna hiyo zamani sana, na watu wa Ulaya waliisoma kwenye jarida la London mwaka 1794. Wiki hizo tatu ni ngumu kwa sura ya mtu. Ndugu mwandaeni mgonjwa, na waandaeni watoto nyumbani kabla hawajamwona. Mama mmoja aliomba kanga ajifunike uso tangu wodini hadi kwake Mbagala, na muuguzi alimfunga vizuri bila kugusa shina. Hilo linaruhusiwa, mradi kitambaa kisibane.

Hatua ya 7: Nyumbani

Damu ikichuruzika, bonyeza kwa kitambaa safi dakika 20 mfululizo ukitazama saa, bila kufunua kuchungulia. Isipokoma, rudi hospitali. Saa 48 za kwanza pasilowe. Baada ya hapo, kama ulishonwa tu, osha taratibu kwa maji safi na sabuni laini, kausha kwa kugusagusa, paka mafuta ya mgando, kisha funika. Kidonda chenye unyevunyevu wa mafuta hupona upesi kuliko kilichoachwa kikakauka na kuwa gamba. Spiriti, majivu, unga wa kidonge na dawa ya meno, vyote weka mbali.

Joto la mji wetu ni tatizo la kweli, hasa Januari na Februari. Jasho linalowesha bandeji huleta vijidudu. Lala karibu na feni, ndani ya chandarua ili nzi na mbu wasikisogelee kidonda, na badilisha bandeji ya juu ikilowa. Usiguse furushi la ngozi iliyopandikizwa, hata likinuka kidogo. Likinuka sana, rudi ulipofanyiwa upasuaji lifunguliwe huko. Kidonda kikiwa usoni, lala kwa mito miwili. Kikiwa mguuni, mguu uwe juu ya usawa wa moyo na kutembea kuwe kwa kwenda chooni tu.

Nyuzi za usoni hutolewa siku ya 5 hadi 7, za kichwani 7 hadi 10, za kiwiliwili 10 hadi 14, na za mguu au unyayo siku 14 au zaidi. Homa, usaha, wekundu au joto linalotanuka, au maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya tatu, yasisubiri tarehe ya kliniki.

Hatua ya 8: Majibu ya kingo

Hapa ndipo tunapowapoteza watu. Kidonda kimepona, nyuzi zimetoka, sura imerudi, nauli imekwisha, na majibu ya kipande kilichokatwa hayajafuatwa na mtu. Mgonjwa anahesabu amepona. Karatasi iko maabara imeandikwa kwamba saratani imegusa ukingo.

Siku ya kuruhusiwa, andika tarehe ya majibu kwenye simu yako na kwenye simu ya ndugu mmoja. Chukua namba ya maabara ya kipande chako. Siku ikifika, nenda, na umuulize daktari kwa maneno haya: "Kingo za pembeni zimetoka safi? Na ukingo wa chini?" Wa chini husahaulika, na ndio unaoelekea kwenye misuli na mfupa. Omba nakala yako ya majibu.

Zikiwa safi, unaingia kwenye ufuatiliaji. Zisipokuwa safi, kwa kawaida hukatwa tena upande ule, au hupigwa mionzi palipo pagumu kukata. Skwamasi iliyofuata mshipa wa fahamu au iliyofika kwenye tezi huenda ikahitaji mionzi hata kingo zikiwa safi. Kurudi kukatwa mara ya pili ni sehemu ya tiba. Haimaanishi daktari amekosea, wala haimaanishi umerogwa.

Hatua ya 9: Miezi inayofuata

Kovu hubadilika kwa mwaka mzima au zaidi. Likishafunga vizuri, kwa kawaida wiki ya tatu hivi, lisugue kwa kidole na mafuta kidogo dakika chache asubuhi na jioni. Ngozi nyeusi hupenda kuota keloidi, hasa kifuani, begani na sikioni. Kovu likianza kuwasha na kuinuka, rudi mapema, maana kuna sindano inayolipunguza. Ngozi iliyotoka pajani itakuwa na rangi yake usoni, na tofauti haitaisha kabisa.

Mwenye ualbino ajikinge na jua kila siku, hata lenye mawingu: kofia yenye ukingo mpana wa sentimita 7 au zaidi pande zote, mikono mirefu, miwani, na losheni ya kinga ya kiwango cha 30 au zaidi inayorudiwa kila baada ya saa mbili. Kapelo haifuniki masikio wala shingo. Kazi za nje zisogezwe kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Anayeuza Feri au Kariakoo nje aombe meza ya kivulini, na wenzake wampishe.

Kliniki huwa kila miezi mitatu hadi sita kwa miaka miwili ya mwanzo kwa skwamasi, kisha kwa nafasi zaidi. Kati ya kliniki, mara moja kwa mwezi kaa mahali penye mwanga na ndugu akutazame kichwani, nyuma ya masikio, mgongoni na nyayoni, apapase na mitoki, na apige picha ya kovu kwa simu akiwa umbali uleule. Kinundu kipya kwenye kovu au tezi iliyovimba ukikiona Jumatatu, uwe kliniki ndani ya wiki hiyo na picha zako mkononi.